Kumtuliza na kumlinda mgonjwa anayepasuliwa jicho kwa ganzi

Upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi hauzidi nusu saa, na muda wote huo mgonjwa anasikia kila linalosemwa. Akikohoa ghafla au akigeuza shingo wakati kifaa kiko ndani ya jicho, kifuko cha lenzi kinaweza kuchanika. Ndiyo maana kumtuliza ni sehemu ya upasuaji wenyewe, tena kazi hiyo huanza kabla hata ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Anza na maongezi. Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, hupokea wagonjwa wa Lushoto, Pangani na Handeni, na mzee mwenye hofu huelewa haraka zaidi akielezwa kwa Kisambaa au Kizigua, basi mtafute mapema ndugu au muuguzi anayeijua lugha yake. Msalimie, kisha mweleze bila kuficha: "Bibi, hutalala. Utaona mwanga, utasikia maji yakikutiririka shavuni. Ukiumia au ukitaka kukohoa, finya mkono wa muuguzi, kichwa usikitikise." Usimwambie hatahisi chochote. Akihisi mguso mdogo tu atajua amedanganywa, na hapo utulivu umekwisha.

Pima presha na sukari. Presha ikifika 180/110, upasuaji usio wa dharura usubiri. Uliza dawa za kuzuia damu kuganda, aleji, na kwa wazee wa kiume tamsulosini ya tezi dume, kwa sababu inalegeza mboni na daktari anapaswa kujua mapema. Kisha mlaze chali dakika kumi pale pale wodini. Mwenye moyo dhaifu au kikohozi atajulikana hapo, kabla hajafunikwa shuka. Aende chooni mwisho kabisa. Kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani) iwekwe mkononi, lakini usimwagie dripu bila sababu, kibofu kikijaa hatatulia. Weka alama juu ya nyusi ya jicho husika, ulinganishe anachosema yeye, faili na fomu ya ridhaa kabla ya ganzi.

Mezani, weka mto chini ya magoti ili kiuno kipumzike. Mwenye kibyongo anahitaji mito chini ya mabega na kichwa, kisha meza iinamishwe upande wa kichwa mpaka uso ulale sawa. Kipimo cha oksijeni kinaweza kusoma vibaya kwenye vidole vyenye piko, jambo la kawaida kwa akina mama wa pwani, kihamishie sikioni. Shuka la upasuaji liinuliwe lisiguse pua wala mdomo, na hewa ipitishwe chini yake kwa mpira. Hewa chafu anayotoa ikikusanyika humo, anaanza kuhangaika na wengi hudhani ni ukaidi. Kama ni oksijeni, ifungwe kwanza kabla ya kutumia kifaa cha umeme cha kuchoma mishipa: shuka linaweza kushika moto.

Matone ya ganzi yatangulie, maana povidoni ayodini ya 5%, dawa ya kuua vijidudu, inawasha; ndipo nayo ikae jichoni dakika 3. Kwa ganzi yenyewe tunapendelea kanula butu inayopita chini ya utando wa jicho, na mililita 3 hadi 5 za dawa ya ganzi, lignokeini ya 2%. Sindano kali inaweza kutoboa jicho, hasa jicho refu linalozidi milimita 26 kutoka mbele hadi nyuma. Ikibidi kuitumia, isizidi milimita 25, mgonjwa atazame mbele, uvute bomba kuangalia damu, usukume polepole. Maumivu makali au dawa kugoma kuingia, simama. Jicho likitokeza na kope kukaza kama jiwe, damu imevuja nyuma yake: mwite daktari, upasuaji usiendelee.

Dakika 20 za kwanza usimwache. Ganzi iliyopenya kwenye ala (ganda) ya neva ya jicho huweza kufika kwenye shina la ubongo; atasinzia, ulimi utakuwa mzito, pumzi zitapungua. Hapo msaidie kupumua mara moja na uite msaada. Kabla daktari hajaanza, mwongeleshe. Akishaanza, usimuulize maswali, kwa kuwa taya likisogea kichwa nacho husogea. Mshike mkono tu. Mapigo ya moyo yakishuka ghafla, mwambie daktari aachie msuli wa jicho anaouvuta. Mara nyingi yanarudi yenyewe, lakini atropini, dawa ya kuyapandisha, iwe tayari imevutwa.

Midazolamu, dawa ya kusinzisha, si dawa ya kuziba pengo la maelezo. Mzee aliyesinzia chini ya shuka huweza kuzinduka hajui alipo, akainua kichwa.

Baada ya hapo mwinue taratibu, akae kwanza, ashikwe mkono wakati wa kushuka. Jicho lenye ganzi halifumbi vizuri kwa saa kadhaa, hivyo liende nyumbani limefunikwa kwa kinga ngumu, na asirudi kwa bodaboda.