Fundi lifti, ukiingia shimoni peke yako fanya hivi

Jumapili saa nne asubuhi simu inaita, lifti ya jengo moja la ghorofa Upanga imegoma, mwenzako kaenda msibani Morogoro na we ndo uko zamu. Unabeba begi unaenda. Wengi tunaofanya hii kazi Dar tumeingia hivyo mara nyingi mno na tukatoka salama, ndo maana tumezoea. Nawaandikia mafundi wenzangu, hasa nyie vijana mlioanza kutumwa wenyewe, kwa sababu ukiwa peke yako kosa ambalo mwenzako angelizima kwa kubonyeza swichi moja linaweza kukulaza shimoni mpaka jioni, na mlinzi yuko zake getini anajua ulishaondoka.

Kwahiyo hata begi hujafungua, tafuta kwanza mtu wa kukusubiri. Awe fundi mwenzako au msimamizi, mtu mmoja anayejua jina lake limewekwa hapo, sio kutupa meseji kwenye grupu la kazini kila mtu akadhani mwingine kaiona. Mwandikie jengo gani, lifti namba ngapi kama ziko mbili, unaenda kufanya nini, unaingia saa ngapi na utampigia saa ngapi. Mi natumia nusu saa. Zikipita dakika kumi juu ya hapo anapiga simu yangu, nisipopokea anampigia mlinzi wa jengo, mlinzi asiponiona anakuja mwenyewe huku anapiga 112, au 114 ya zimamoto. Haya yote mnakubaliana kabla, maana mtu akishtuka ndo anaanza kutafuta namba ya mlinzi na hana.

Na usiamini simu. Ndani ya shafti, lile shimo refu lifti inamopita, mtandao unakufa, chini shimoni ndo kabisa, kwahiyo ukisema utapiga ukiwa ndani unajidanganya. Panga kazi yako ivunjike kila nusu saa utoke nje, upige, unywe maji, urudi. Itakuchelewesha, ndiyo, na mwenye nyumba atanuna, mwache anune.

Sasa suala la ufunguo wa pembetatu, ule wa kufungulia milango ya lifti kwenye ghorofa, ambalo naona halisemwi. Unaingia na ufunguo wako mfukoni, mlango wa ghorofa unajifunga nyuma yako, ukianguka nani anafungua? Aliyekuja kukuokoa anabaki kugonga bati. Mi naweka wa pili kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, naandika juu ya bahasha jina langu na namba ya mtu anayenisubiri, naiacha kwa mlinzi na kumwambia wazi: hii haifunguliwi na wewe, anapewa fundi mwenzangu au zimamoto tu. Nikitoka naichukua bila kusahau, kwa sababu ufunguo ukibaki pale siku moja mpangaji atadondosha simu shimoni na mlinzi kwa huruma yake atafungua mlango akiwa hajui kabini, kile chumba kinachobeba watu, iko wapi. Watu wamekufa kwa mlango uliofunguliwa namna hiyo, wanakanyaga wakidhani kabini ipo.

Halafu kuna kazi huendi peke yako, nukta. Kubadilisha au kufupisha kamba. Kujaribu gavana, yaani kifaa kinachozuia lifti ikizidi kasi, na breki za dharura. Kushusha mota. Kutoa abiria waliokwama kwa kuachia breki na kuzungusha mota kwa mkono. Hii ya mwisho ndo inatuponza, maana watu wanapiga kelele ndani, kuna mtoto analia, na we una roho. Ila kumbuka ule mzigo wa chuma unaoshuka kabini ikipanda: uzito wake ni kabini tupu ukijumlisha karibu nusu ya mzigo inaoruhusiwa kubeba. Lifti ya watu 8, kilo 630, ikiwa na mtu mmoja mwembamba ndani, ule mzigo unaizidi kabini kwa kilo mia mbili na ushee. Ukiachia breki kabini haishuki, inapanda, na inaongeza kasi. Kama uko juu kwenye chumba cha mashine peke yako, nani anakwambia mlango wa abiria uko usawa na ghorofa? Nani anawazuia wasijaribu kutoka nusu mlango? Ongea nao kupitia intakomu au kwa sauti, waambie wakae sakafuni mbali na mlango, hewa ipo haiishi, halafu subiri mwenzako.

Kazi zinazobaki, yaani kusafisha, kupaka mafuta, kukagua milango, kubadilisha rola, hizo unaweza kufanya ila umeme kwanza. Kama kazi haihitaji lifti itembee, zima swichi kuu, piga kufuli lako mwenyewe, ning'iniza tegi yenye jina na namba ya simu, ufunguo wa kufuli uingie mfukoni mwako na sio juu ya paneli. Kwenye majengo yenye lifti mbili hakikisha umezima ile unayoingia, nimeshakuta vibao vya swichi vimepishana. Pima kwa mita: kwanza pale unapojua kuna umeme uone mita ni nzima, kisha fezi zote tatu za kwako, kisha rudi tena penye umeme. Testa ya bisibisi sio kipimo cha kuwekea roho.

Hapa kwetu umeme unakatika na kurudi, kwahiyo kuna vitu viwili vya kuangalia sana. Jenereta ya jengo inaweza kuwaka yenyewe, ujue inaingilia wapi. Cha pili ni betri za uokoaji, kile kifaa kinachopeleka kabini ghorofa ya karibu umeme ukikatika. Ikiwa kimefungwa vibaya, we ukizima swichi kuu chenyewe kinadhani umeme umekatika na sekunde chache baadae kabini inatembea. Zima swichi yake nayo, chomoa betri. Na ukifungua invata, kile kifaa kinachoendesha mota, usiguse mara moja, ndani ya kapasita zake kunabaki volti zaidi ya 500 hata meini iko ofu, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko chake halafu pima.

Kupanda juu ya kabini nitaenda taratibu maana hapa ndo watu wanaruka hatua. Weka kizuizi mbele ya mlango kwanza. Peleka kabini chini, wakati inashuka fungua mlango wa ghorofa kwa ufunguo ili isimame paa lake likiwa karibu usawa na sakafu uliyosimama. Weka kabari mlango ubaki wazi kidogo, bonyeza kitufe cha kuita, hesabu sekunde 15. Ikitembea, loki ya huo mlango ni mbovu, hupandi. Haijatembea? Fungua, nyoosha mkono ubonyeze stopu, swichi ya kuisimamisha lifti, iliyo juu ya kabini, mguu wako bado uko nje, funga mlango, ita tena, hesabu. Halafu fungua, weka swichi kwenye inspeksheni, yaani lifti iendeshwe kwa vitufe vya juu ya kabini tu, achia stopu, funga, ita, hesabu. Kwahiyo umejaribu kila kimoja peke yake, loki, stopu, inspeksheni. Sasa bonyeza stopu tena, washa taa, ndo uingie. Ukishasimama vizuri achia stopu ujaribu vitufe, cha kupanda peke yake kisifanye kitu, mpaka ukibonyeze pamoja na kile cha pamoja. Ukiwa hutembezi kabini, stopu iwe imebonyezwa muda wote, hata kama ni dakika moja ya kuokota spana.

Shimoni chini ni mtindo huohuo: kabini iende juu, jaribu loki ya mlango wa chini, nyoosha mkono ubonyeze stopu, funga, ita, hesabu, ndo ushuke kwa ngazi na sio kuruka. Masika maji yanajaa kwenye mashimo mengi ya mjini. Ukikuta maji, hushuki peke yako hata kama ni ya kifundoni, na pampu yenye waya uliounganishwa kwa selotepu usiichomeke.

Hanesi, ile mikanda ya mwili ya kukushika ukianguka, vaa, ila ujue ukining'inia nayo damu inashuka miguuni na dakika chache tu unaweza kuzimia. Hanesi bila mtu wa kukushusha imefanya nusu ya kazi. Penye nafasi ya kuanguka nje ya paa la kabini, ita mwenzako.

Jampa, kile kipande cha waya cha kuruka swichi za usalama, ukiwa peke yako naomba ukitoe kwenye begi. Ukiruka loki za milango na hamna wa kukukumbusha, utasahau, na utakayemuumiza ni mtoto wa shule kesho asubuhi.

Kwa mabosi: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inampa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, na deiwaka uliyemchukua kwa siku moja naye ni roho. Fundi wa pili anakugharimu nauli na posho. Fundi akikwambia hii kazi inataka wawili, usimtafutie mwingine atakayekubali mmoja.

Ukimaliza, toka kwa kurudi nyuma hatua zilezile, stopu ya mwisho unaiachia ukiwa nje. Vuta kila mlango wa ghorofa uliougusa uone umejifunga. Hesabu zana. Tembeza lifti tupu mara mbili, chukua bahasha kwa mlinzi, tuma neno: nimetoka. Na siku ukisahau kulituma, mtu wako akaja mbio kutoka Mbagala na jua lote lile akakukuta unakula chipsi getini, usimcheke. Mnunulie soda, mrudishie nauli yake, mwambie siku nyingine aje hivyohivyo.