Mtambo wa kulainisha maji unakula umeme lakini maji bado magumu? Chokoa chumvi kwanza

Kwa sisi wa Mtwara tunaotumia maji ya kisima: sabuni ikianza kugoma kutoa povu na birika likarudisha ukoko mweupe, usikimbilie kumwita fundi. Fungua pipa la chumvi, chukua mpini wa ufagio, ushushe taratibu katikati. Ukigonga kitu kigumu halafu ghafla ukazama kwenye uwazi, umeupata ugonjwa wa mtambo. Unyevu wa huku pwani hugandisha chumvi ya juu ikawa kama dari, maji yanabaki chini bila kuigusa. Pasipo maji ya chumvi kali, zile punje za ndani ya mtungi wa mtambo haziwezi kujisafisha, nazo ndizo zinazonasa kalsiamu na magnesiamu, madini yanayofanya maji kuwa magumu. Pipa langu juzi lilionekana limejaa hadi nusu, kumbe chini patupu, unasikia mwangwi kabisa.

Vunja hilo gamba kidogo kidogo kwa mti, si nondo, maana pipa ni plastiki na litapasuka. Subiri saa tatu au nne chumvi iyeyuke, kisha washa mwenyewe kwa mkono usafishaji wa zile punje. Baada ya hapo usijaze zaidi ya theluthi mbili, na chumvi laini ya mezani iache jikoni. Inaganda upesi mno.

Mpini ukifika chini bila kizuizi, tatizo si hili. Tazama kama saa ya mtambo ilivurugika umeme ulipokatika, au vali ya kupitisha maji pembeni imeachwa wazi. Na kama kisima chako kina maji ya chumvi, mtambo huu hautaiondoa hata ukiwa mzima.