Kibaraza cha banda la njiwa: kifunge hivi makinda yasidondoke

Mabanda mengi ya njiwa huku kwetu, anzia Mikindani mpaka Mtama, yana tundu tu la mlango. Njiwa anakuja anang'ang'ania ukingo afu anajisukuma ndani, wengine wanagongelea kijiti kimoja chini ya tundu wanaona imetosha. Haitoshi jamani. Njiwa asili yake ni ndege wa majabalini, mguu wake unataka kitu bapa, na makinda yakifikisha wiki 4 hivi yanaanza kutoka nje kupiga mabawa, sasa kama hakuna pa kusimama yanaenda chini, na chini kuna paka.

Kama ndo unajenga banda jipya una bahati, maana kibaraza imara kuliko vyote ni kile ambacho ni sakafu yenyewe imetokeza nje. Chumba cha jozi moja kiwe na upana nchi 16, kina nchi 12 na kimo nchi 12, kwa hiyo mbao ya sakafu usiikate nchi 12, ikate 18, zile 6 zinazobaki nje ndo kibaraza chako. Banda lililokwishajengwa unaongezea mbao ya nchi 6 chini ya mlango, unaishika na vikono viwili vya pembetatu kwa chini, na hapa tumia skrubu sio misumari, kwa sababu mbao za pwani zinavimba masika zinasinyaa kiangazi na msumari unajitoa taratibu bila wewe kujua, siku kibaraza kinaning'inia upande mmoja jozi inalihama tundu.

Mbona nchi 6 na sio 10? Kwa sababu ya kunguru. Kibaraza kipana ni uwanja wake wa kutulia na kupekua mayai, cha nchi 6 njiwa anatua vizuri tu.

Mlango sasa. Upana nchi 4, kimo nchi 6, na usiuweke katikati, usogeze upande mmoja wa chumba. Ndani, katikati ya sakafu simamisha kipande cha ubao cha kimo cha nchi 5 kutoka ukuta wa mbele kwenda nyuma, ila kiishie kama nchi 4 kabla ya ukuta wa nyuma, njiwa anaingia anazunguka anakuta kiota upande wa pili. Kunguru akichungulia mlangoni anaona ubao, mdomo haufiki kwenye mayai. Siwezi kusema unamzuia kabisa, yule ndege ana akili sana, ila kazi inakuwa ngumu kwake na wenye kiota wanapata nafasi ya kujitetea.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakosea ni usawa. Ukingo wa chini wa mlango na uso wa kibaraza vilingane, pasiwe na ngazi. Huko Marekani kuna ndege wa jamii ya mbayuwayu anaitwa purple martin, watu wanamtundikia vibuyu vikavu akae, desturi ya zamani ya wenyeji wa kule kama Choctaw na Chickasaw, na siku hizi vibuyu hivyo vinafungwa kibaraza mlangoni. Tundu lenyewe wanalikata nusu mwezi, ubapa uko chini, upana nchi 3 na kimo nchi 1 na ushee tu, ili kwezi wa Ulaya asipenye, maana huyo kwezi waliachiwa New York mwaka 1890 wakaenea nchi nzima na wanateka viota vya wenzao. Martin ana miguu mifupi anapita kwa kujilaza, kwa hiyo kibaraza kikiwa chini mno ya tundu hata yeye mwenyewe anashindwa kuingia. Njiwa wetu hahitaji nusu mwezi, lakini somo la usawa linamhusu vilevile, kinda lililotoka jioni linatakiwa lirudi ndani kwa kutembea, likikuta ukingo wa nchi 3 linalala nje.

Kati ya kibaraza na kibaraza weka kizuizi, ubao wa kimo cha nchi 8 na urefu sawa na kibaraza. Hiki usikiruke hata kama mbao zimeisha, subiri upate nyingine. Kibaraza kimoja kirefu mbele ya matundu manne ni vita kila siku, dume anahesabu chote chake anawasukuma wenzake, na katika purukushani hizo mayai yanapasuka. Kikigawanywa kila jozi inajua kwake.

Ukishafunga weka pimamaji, mbele kuwe chini kwa robo nchi maji yatoke. Usipige rangi ya mafuta juu, inateleza, chora mistari kwa msumeno tu miguu ishike. Oili chafu ya kuzuia mchwa paka kwenye nguzo peke yake, isifike wanapokanyaga ndege. Na nguzo izungushie bati laini kama futi 2 kwenda juu, nyoka na panya washindwe kupanda, ila banda likiwa limegusana na mkorosho au mwembe hilo bati halina maana yoyote.

Uelekeo: kusi huku inapiga kwa nguvu, na mvua za Desemba mpaka Aprili zinakuja na kaskazi, kwa hiyo milango iangalie magharibi na paa litokeze kufunika vibaraza. Ila tafadhali sana banda lisiwe juu ya bati mnalokingia maji ya mvua, kinyesi kitaenda moja kwa moja kwenye tenki na hayo maji ndo mnapikia.

Kukwangua fanya kila wiki, lowesha kwanza na ujifunge kitambaa puani, lile vumbi ni baya kifuani. Jozi ikiwa na mayai mawili inaatamia kama siku 18, kipindi hicho kwangua kibaraza tu, ndani usiingize mkono, na nenda mchana dume akiwa zamu, jike linalala na mayai usiku na likishtuka gizani linatoka na halioni pa kurudi.