Somo: Kufuta kerneli za zamani kwenye seva bila kuiua

Wakuu, habari za kazi. Leo tushughulike na /boot, folda ya mafaili ya kuwashia seva, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku apt (programu inayoweka na kuondoa vifurushi) igome katikati ya apdeti, ikilalamika kuwa nafasi imekwisha, ilhali diski kuu ina gigabaiti kibao za bure.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye seva nyingi /boot ni partisheni inayojitegemea, tena ndogo. Apdeti ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) haifuti ile ya zamani, inaweka mpya kando yake. Kila kerneli inakuja na faili la vmlinuz, ambalo ndilo kerneli yenyewe, lenye megabaiti 10 na ushee, pamoja na initrd, faili la kuisaidia kerneli wakati wa kuwaka, ambayo ndiyo mlafi mwenyewe: moja inaweza kula megabaiti 60 mpaka kupita 100. Kwenye partisheni ya megabaiti 512, piga hesabu mwenyewe.

Hatua hizi ni za Ubuntu na Debian. Wa familia ya Red Hat, shukeni kwenye maswali.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

uname -r
df -h /boot

Amri ya kwanza inakuonyesha kerneli inayotumika sasa hivi. Tuseme imejibu 5.15.0-112-generic. Iandike pembeni. Hiyo haiguswi.

Hatua ya 2: Kama seva inadai kuwashwa upya, iwashe kwanza

Hii wengi wanairuka. Seva iliyokaa miezi bila kuzimwa inaweza kuwa imeshapokea kerneli mpya ambayo haijawahi kuiwakia hata siku moja. Ukifuta za zamani katika hali hiyo, matumaini yako yote yamebaki kwa kitu ambacho hujakijaribu. Kwenye Ubuntu angalia:

ls /var/run/reboot-required

Faili likiwepo, tafuta muda ambao watumiaji ni wachache, hakikisha una bakapu na njia ya kuingia kwenye konsoli, kisha washa upya. Ikirudi salama, rudia uname -r, na namba ikibadilika andika hiyo mpya. Hapo ndipo usafi unaanza.

Hatua ya 3: Hesabu zilizopo

dpkg -l 'linux-image-*' | grep -E '^(ii|rc)'

Utaona kitu kama hiki:

rc linux-image-5.15.0-91-generic
ii linux-image-5.15.0-94-generic
ii linux-image-5.15.0-112-generic
ii linux-image-5.15.0-119-generic
ii linux-image-generic

Zile herufi mbili za mwanzo ndizo za kusoma. "ii" maana yake kifurushi kipo kamili. "rc" maana yake kilishaondolewa, yamebaki mafaili yake ya mipangilio tu, kwa hiyo hakina uzito wowote kwenye /boot.

Sasa tazama mstari wa mwisho, usio na namba. Huo si kerneli. Ni kifurushi kinachovuta kerneli mpya kila zinapotoka (kwenye Debian kinaitwa linux-image-amd64). Ukikifuta hakuna kitakacholia, na ubaya wake ndio huo. Niliwahi kunakili amri moja ndefu ya "futa zote isipokuwa inayotumika", nikaibandika bila kuisoma. Ilifuta zote kweli, na hicho kifurushi ikaondoka nacho. Seva iliendelea kuwaka vizuri, nami nikajisifu. Miezi kadhaa baadaye ndipo nikagundua kuwa haijapokea kerneli hata moja tangu siku ile, pamoja na viraka vyote vya usalama vilivyotoka katikati. Tangu hapo sibandiki nisichokisoma.

Hatua ya 4: Mwachie apt kazi yake

sudo apt autoremove --purge

Kabla ya kubonyeza Y, soma orodha anayotaka kufuta. Apt huilinda kerneli inayotumika na zile mpya, lakini macho yako ndiyo ulinzi wa mwisho. Ukiona namba ya kerneli inayotumika sasa, ile uliyoandika pembeni, jibu n na usimame hapo.

Kama kuna moja mahsusi unayotaka iondoke, itaje kwa jina:

sudo apt purge linux-image-5.15.0-94-generic

Usiingie /boot ukaanza kupiga rm. Apt akiondoa kifurushi, initrd yake inafutwa na menyu ya GRUB (programu inayochagua kerneli ya kuwashia) inaandikwa upya. Ukitumia rm, dpkg (anayetunza orodha ya vifurushi) bado anaamini kerneli ipo.

Hatua ya 5: rudia df -h /boot na ls -lh /boot. Bakisha angalau mbili: unayotumia na moja ya akiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nimechelewa. /boot imefika 100%, autoremove inagoma, inasema nirekebishe vifurushi kwanza, na kurekebisha kwenyewe kunagoma kwa kukosa nafasi. Nafanyaje?

Jibu: Hapo tu ndipo naruhusu mkono kuingia /boot, na hata hapo hatufuti, tunahamisha. Chagua initrd ya kerneli kongwe kabisa, isiwe inayotumika:

sudo mv /boot/initrd.img-5.15.0-94-generic /root/
sudo apt -f install
sudo apt autoremove --purge

Nafasi ikipatikana, apt anamalizia alichokiacha njiani. Ile uliyoihamishia /root ifute baadaye, mambo yakishatulia. Usiwashe seva upya kabla hujamaliza zote tatu.

Swali: Kaka, nina kerneli tano lakini autoremove inasema hakuna cha kuondoa.

Jibu: Huenda zimewekewa alama kuwa uliziweka mwenyewe kwa mkono, na apt hagusi za namna hiyo. Angalia:

apt-mark showmanual | grep linux-image

Zenye namba za zamani zipige sudo apt-mark auto ikifuatiwa na jina, kisha rudia hatua ya 4. Kile kisicho na namba kiache kama kilivyo.

Swali: Sisi wa AlmaLinux na Rocky vipi?

Jibu: Kwenu ni rahisi zaidi. Kwenye /etc/dnf/dnf.conf kuna installonly_limit=3, yaani dnf (ndiyo apt ya kwenu) hubakisha tatu na kuondoa kongwe mwenyewe. Ukitaka mbili, andika 2. Kusafisha papo hapo:

sudo dnf remove $(dnf repoquery --installonly --latest-limit=-2 -q)

Kuna pia dnf remove --oldinstallonly, ila mimi siipendi: kama tayari umewakia kerneli mpya kabisa, inakuachia hiyo moja tu, bila akiba.

Swali: Samahani mkuu, uname -r kwangu inatoa namba, lakini /boot ni tupu kabisa. Nimeharibu?

Jibu: Hapana. Inaelekea VPS yako (seva ya kukodi) ni kontena, na kontena haina kerneli yake, inatumia ya mashine iliyoibeba. Piga systemd-detect-virt. Ikijibu lxc au openvz, kusafisha kerneli si kazi yako, ni ya mwenye mashine.