Jinsi ya kumtia mama mtu mzima hatarini (riwayani, lakini)

Miswada ya riwaya za kusisimua ninayoletewa niihariri ina ugonjwa mmoja: mama wa miaka 58 anaruka kuta kama binti wa 25. Kabla hujaandika sura ya kwanza, jiulize: huyu mama anajua nini ambacho kijana hawezi kukijua, na nani hataki kijulikane?

Hebu tumbuni mhusika, Bi Mwanaidi. Mjane wa Kigamboni, Dar es Salaam, mstaafu wa masijala ya ardhi. Jirani anataka kununua kiwanja, anamletea nakala za karatasi azisome. Sahihi anaitambua, ni ya bosi wake wa zamani. Tarehe ndiyo inayomkausha mate: ni miezi miwili baada ya mazishi ya huyo bosi, na kwenye msiba ule aliyeandika daftari la rambirambi ni yeye Mwanaidi. Daftari bado analo, kabatini, na tarehe zote kwa mwandiko wake. Hapo umepata hatari inayomhusu yeye na si mwingine. Hukuhitaji bastola.

Sasa adui. Usimpe kovu wala miwani myeusi. Mpe adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na msiba wa mzee. Hivi lile daftari bado unalo?"

Mzee, yaani yule bosi, kazikwa miaka sita iliyopita. Kijana ameamkia vizuri, mama amelazimika kuitikia, na majirani barazani wameona mtoto mwenye heshima zake. Mimi sehemu kama hii naisoma mara mbili.

Msomaji atauliza kwa nini haendi polisi. Mpeleke, tena mapema. Afunguliwe RB, ile namba ya taarifa kituoni, arudi nyumbani ametulia kidogo. Usiku simu iite, mtu amtajie namba ya RB hiyo, tarakimu kwa tarakimu, kisha akate. Mlango wa polisi umeufunga bila kumfanya mama mjinga.

Ukitaka sura ya kukimbizwa, tumia kivuko cha Magogoni. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu, lakini pantoni likishang'oa nanga hakuna pa kushukia, na kijana yupo hatua kumi nyuma, amemshikia bibi mmoja kapu. Hadithi ikiwa ya baada ya 2016, msomaji wa Dar atakuuliza kwa nini hapiti Daraja la Kigamboni. Mjibu kwa sentensi moja, mama hana gari, yamekwisha. Asijirushe majini. Akishuka, aelekee soko la samaki la Feri, kwa wakaanga samaki aliocheza nao upatu tangu enzi hizo. Wanawake wanane wenye miiko ya moto wakimuuliza kijana anamtafuta nani, nakuhakikishia atapotea njia.

Magoti yanauma, ndiyo, na vidonge vya presha vipo. Vitaje sura ya pili. Ukivikumbuka sura ya ishirini, ni ujanja wa mwandishi aliyekwama.

Watoto je? Mmoja anatosha, na akae Mwanza. Apige simu jioni: "Mama, uza hiyo nyumba uje huku." Usimlete Dar mpaka mambo yaishe. Akitua tu atataka kumwokoa mama yake, na riwaya itakuwa yake.