Deni umelimaliza, jina bado chafu: uanzie ofisi gani Dodoma?

Umelipa mkopo wote, lakini kwenye kumbukumbu za wakopaji bado unaonekana mdaiwa. Tanzania sheria za mikopo ni za nchi nzima, ila usimamizi umegawanywa, na hapo ndipo watu wanapozungushwa.

Kabla hujapanda daladala, tazama leseni au usajili wa aliyekukopesha. Benki, pamoja na kampuni za mikopo zisizopokea amana (daraja la pili), ziko chini ya Benki Kuu. SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ni daraja la tatu, husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ni daraja la nne, ni cha halmashauri. Ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kausha damu, mkopeshaji wa riba kali asiye na leseni, hayumo humu. Kesi yake ni nyingine.

Ripoti yako ya mikopo iombe kwa taasisi ya taarifa za wakopaji, inayotunza kumbukumbu za nani anadaiwa na analipaje, yenye leseni ya Benki Kuu. Hakiki jina na tarakimu zote 20 za namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA); Mazengo akiandikwa Masengo, anaweza kubebeshwa deni la mwenzake. Usiruke mikopo uliyomdhamini mtu.

Kosa sumbufu kuliko yote ni salio dogo. Tuseme mkulima wa zabibu wa Hombolo anaambiwa Ijumaa amebakiza 400,000, analipa hizo hizo Jumatatu. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayohesabiwa kila siku, siku tatu zimezaa 1,400. Mkopo haufungwi, na siku za kuchelewa zinaendelea kuhesabiwa kimya kimya. Omba salio la tarehe utakayolipa, kisha usitoke bila barua ya kumaliza deni yenye namba ya mkopo, tarehe na salio sifuri.

Malalamiko yaanzie kwa mkopeshaji, maana taasisi ya taarifa huandika ilicholetewa. Ambatisha nakala za risiti, si zenyewe, na nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Usipokuwa nao, huko juu utarudishwa ulikotoka.

Wakikaa kimya, panda kwa msimamizi: Benki Kuu pale Tambukareli, Tume ya Ushirika, au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Picha yako ikirushwa kwa ndugu na majirani ili ulipe, hilo lipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hata kama deni ni la kweli.