Mgonjwa hana kikomo: njia ya kuingia kwenye fizikia tiba

Kila nikishuka kwenye boti pale Mkoani, Pemba, naletewa mtoto wa Kidato cha Nne: "Muulize shangazi yako kafikaje huko kwenye fizikia tiba," yaani fizikia ya mionzi ya hospitalini. Nakuelezeni nyote hapa, wadogo zangu.

Mimi sipigi wagonjwa picha, na kuzisoma ni kazi ya daktari. Mimi naipima mashine ya eksirei. Sheria inampa mfanyakazi wa mionzi kikomo: milisivati 20 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na kila mmoja wetu anavaa kipimadozi kifuani. Mgonjwa hakuwekewa kikomo, kwa sababu daktari anaihitaji picha. Basi lazima awepo mtu wa kuhakikisha dozi anayoipata haizidi ile inayohitajika. Ndiyo kazi yetu.

Skuli, chukua PCM (fizikia, kemia na hisabati). Hisabati usiikimbie hata kidogo. Baada ya hapo digrii ya fizikia. Mimi nilisoma Dar es Salaam. Lango lenyewe ni digrii ya pili ya fizikia tiba. ICTP, kituo cha fizikia kilichoanzishwa na Abdus Salam mjini Trieste, Italia, kinaendesha masomo hayo pamoja na chuo kikuu cha huko tangu 2014: mwaka mmoja darasani, mwaka mmoja hospitalini. Baadhi ya wanafunzi wa nchi zetu hupata ufadhili. Huo mwaka wa hospitali ndio ulionifunza kazi.

Jipimie mwenyewe kama kazi inakufaa kwa jaribio hili. Nililifanya mara nyingi nikiwa mwanafunzi. Kaseti, bamba linalonasa picha, inalazwa kitandani, mita 1 chini ya tyubu inayotoa mionzi. Unawasha taa ya kolimeta, kifaa kinachobana upana wa mionzi, mwanga unachora mstatili. Kwenye kila ukingo unapanga sarafu mbili za shilingi 200 zinazogusana juu ya mpaka, moja ndani ya mwanga, moja nje. Ya tisa iweke ndani, kwenye pembe moja, ikujulishe upande wa kichwa. Mnatoka nyote, mpiga picha anapiga. Mwanga na mionzi vikilingana, za ndani zitaonekana na za nje hazitaonekana. Sentimita 2 za kutofautiana zinavumilika kwa umbali huo.

Hospitali moja, sarafu ya nje upande wa kichwani ilitoka nzima, na ya ndani upande wa miguuni haikuonekana kabisa. Nilipima kwa rula: tofauti ya sentimita 3. Kumbe balbu ilibadilishwa, kioo cha ndani kikasogea, na hakuna aliyepima tena. Roho iliniuma. Kila aliyepigwa kifua alikuwa akipigwa mionzi hadi shingoni, penye tezi ya thairoidi, bila faida yoyote.

Niliandika tarehe, umbali na vipimo vyote kwenye daftari, nikaomba chumba kifungwe. Fundi alipomaliza kukaza kioo, nilizipanga zile sarafu tisa upya, nikapiga tena kabla ya mgonjwa wa kwanza kuitwa.